Kadi ya Wati 75: Kadi za Michoro za Kiwango cha Kati katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Kadi ya michoro ni kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kifanye hesabu za picha: gari linalokata kona, kivuli cha mchezaji uwanjani, mwanga unaochezacheza juu ya maji. Isipokuwepo, kazi hiyo yote huiangukia chipu kuu pamoja na sehemu ndogo ya michoro iliyojengwa ndani yake, na gemu hukwamakwama. Kadi hizi huuzwa kwa madaraja. Za chini hutosha kuonyesha maandishi na filamu. Za juu huweza kuipita bei ya kompyuta nzima. Za kati ndizo zinazochezesha gemu za wakati wake kwa picha safi, kwenye skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080, kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuifikia akijinyima kwa miezi michache. Katika nchi kadi hizi zinakobuniwa, daraja la kati limepimwa kwa miaka mingi kwa dola, kati ya 150 na 350 hivi. Katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Ng'ombeni na Tiwi, kupitia Ukunda na Diani, hadi Msambweni na Lunga Lunga, kipimo kilichoamua zaidi ni wati. Kwa sehemu kubwa ya historia yake huku, kadi ya kati iliyowezekana ilikuwa ile isiyozidi wati 75. Sababu zake ziko katika aina ya kompyuta zilizofika, katika umeme, katika hewa ya bahari, na katika njia ambayo bidhaa hupita kabla ya kufika Ukunda.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi ya kwanza mwaka 1981, mnunuzi alichagua kati ya kadi mbili: MDA, iliyoonyesha maandishi tu, na CGA, iliyokuwa na rangi chache. VGA ilifuata mwaka 1987 ikiwa na uwezo wa kuonyesha rangi 256 kwa pamoja. Gemu za vipimo vitatu zilipata kifaa chake mwaka 1996, kampuni ya 3dfx ya California ilipotoa kadi ya Voodoo. Nvidia, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, ilitoa GeForce 256 mwaka 1999. ATI ya Kanada ikajibu kwa Radeon mwaka 2000. Mwishoni mwa mwaka huohuo 3dfx ilianguka na mali yake ikanunuliwa na Nvidia, kisha ATI ikanunuliwa na AMD mwaka 2006. Tangu hapo hadi Intel ilipoingia kwa kadi zake za Arc mwaka 2022, mnunuzi wa dunia nzima alikuwa akichagua kati ya kampuni mbili.

Miaka hiyo ya 1990, kompyuta za Pwani ya Kusini zilikuwa za ofisini: kwenye mapokezi ya mahoteli ya Diani, mabenki, na ofisi za serikali mjini Kwale. Kazi yake ilikuwa barua na hesabu, na chipu ndogo ya michoro iliyopachikwa kwenye bodi mama iliitosha. Kadi ya Voodoo haikuwa na pa kuingia, kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa mali ya mwajiri na gemu zilichezwa kwa kuibia, bosi akiwa nje. Umeme nao ulifuata barabara kuu na ufuo. Vijiji vingi vya ndani, hasa upande wa Kinango, viliufikia baadaye sana, vingine kupitia mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015.

Kwa vijana wengi wa Ukunda na Msambweni, gemu zilifika kwa mlango wa kibanda cha pleisteshen. Konsoli ya PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilienea pwani kote kwa mtindo uleule: chumba kimoja, televisheni mbili tatu, benchi, na malipo kwa mechi au kwa dakika. Hesabu ya mwenye kibanda ilikuwa wazi. Konsoli moja huwakalisha watu wawili, mpira wa miguu huchezwa na wawili, na aliyefungwa huondoka akampisha mwingine. Kompyuta yenye kadi ya michoro ilikuwa ghali zaidi na ilimhudumia mteja mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kwa zaidi ya mwongo mmoja mchezo wa kompyuta katika Pwani ya Kusini ulikuwa jambo la pembeni, lililofanyika ndani ya saiba.

Saiba za Diani zilitegemea watalii waliotaka kusoma barua pepe. Kabla ya mwaka 2009 mtandao wa Kenya ulipita kwenye setilaiti, ukiwa wa polepole na wa bei kubwa, kwa hiyo mashine zilikaa bure saa nyingi. Saa hizo zikajazwa na wanafunzi waliocheza GTA: Vice City ya mwaka 2002, San Andreas iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005, na magari ya Need for Speed. Kompyuta hizo hazikuwa na kadi ya michoro. Zilikuwa na chipu za Intel zilizojengewa kwenye bodi, na mchezaji alilazimika kuzima vivuli na kupunguza ukubwa wa picha mpaka gari la San Andreas likaonekana kama limechongwa kwa panga. Lakini ladha ilikuwa imeshajengeka: mpira, magari na GTA. Ladha hiyo ndiyo iliyokuja kuamua kadi ipi itafutwe.

Mambo mawili yaliligeuza soko. La kwanza ni nyaya za chini ya bahari: TEAMS, iliyotoka Fujairah, na SEACOM zilifika Mombasa katikati ya mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Mtandao wa kasi uliua sababu ya saiba polepole, kwa kuwa simu ilifanya kazi yake, na ukaleta sababu ya kuwa na kompyuta nyumbani. La pili, na kwa mada hii ndilo kubwa zaidi, ni kompyuta zilizotumika.

Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za ofisi kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mashine zinazoondolewa hukusanywa, husafishwa na kuuzwa kwa jumla, na kituo kimoja kikubwa cha biashara hiyo ni Dubai, ambako wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki wamekuwa wakinunua bidhaa kwa vizazi kadhaa. Kutoka huko, makontena huteremka Mombasa. Baadhi ya mashine huenda Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue. Baadhi hubaki Mombasa, Digo Road na mitaa ya jirani. Na kutoka Mombasa huvuka kivuko cha Likoni hadi Ukunda. Mnunuzi wa Kenya huziita ex-UK, hata zikiwa zimetoka Ujerumani. Majina yake yanajulikana na kila fundi: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre.

Hizi ni mashine nzuri. Zilijengwa kukaa ofisini miaka mingi bila kuzimika, chipu zake za Core i5 na i7 zina nguvu ya kutosha kwa gemu nyingi, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Kasoro yake moja kwa mcheza gemu ni kwamba hazikutengenezwa kwa ajili yake. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile yenye umbo dogo, ina saplai ya umeme ya wati 240. Ndugu yake 9020 ya mwaka 2013 ina wati 255. Saplai hizo hazina waya wa ziada wa kuilisha kadi ya michoro. Ile ya 9020 hata plagi yake ni ya Dell pekee, haikubali kubadilishwa na saplai ya kawaida ya dukani bila kigeuzi. Na kwa kuwa sanduku ni jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Inatakiwa ile ya kimo kifupi.

Hapa ndipo inapotokea wati 75. Tundu la PCI Express, ambalo kadi za michoro zimelitumia tangu mwaka 2004, lina uwezo wa kuipa kadi hadi wati 75 bila waya mwingine wowote. Kadi inayotaka zaidi lazima ipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. Mwenye OptiPlex hana plagi hizo. Kwa hiyo, hata angekuwa na fedha za kadi ya wati 150 ya daraja la kati kama linavyoeleweka Ulaya, isingewaka ndani ya sanduku lake.

Kwa bahati, kadi za wati hizo zilianza kuwa na maana wakati uleule mashine hizi zilipofurika. Mwezi Februari 2014 Nvidia ilitoa GTX 750 Ti kwa dola 149. Ilitumia wati 60 tu, haikuhitaji waya, na ilikuwa na uwezo wa kukaribia PlayStation 4, iliyotoka miezi michache kabla, katika gemu kadhaa. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 2015, GTA V ilifika kwenye kompyuta. Watengenezaji wake walitaka angalau kadi ya kiwango cha 9800 GT yenye gigabaiti 1, na wakapendekeza GTX 660. Chipu za ndani zilizoichezesha San Andreas kwa shida zilishindwa kabisa. Kijana wa Ukunda aliyekuwa na OptiPlex na hamu ya GTA V alikuwa na jibu moja la busara, nalo ni 750 Ti. Mwezi Oktoba 2016 ikaja GTX 1050 Ti, dola 139, gigabaiti 4 za kumbukumbu, wati 75, na baadhi ya matoleo yake yalikuwa ya kimo kifupi. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo, shilingi 101 hivi kwa dola, hiyo ilikuwa shilingi 14,000 kabla ya kodi. Mwezi Aprili 2019 GTX 1650 ikafuata kwa dola 149, pia wati 75.

Kadi hizi tatu ndizo zilizobeba mchezo wa kompyuta wa Pwani ya Kusini, na haki yake kwenye historia hii haijatajwa vya kutosha. Wachambuzi wa ng'ambo walizitazama kama kadi za watu wasio na fedha, wakamsukuma msomaji wao aongeze dola 50 au 100 apate GTX 1060 au RX 480, zote za mwaka 2016. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwao. Kwa mnunuzi wa Kwale, kuongeza dola 100 kulimaanisha kununua pia saplai, sanduku jipya, pengine na bodi mama. Yaani kompyuta nyingine nzima.

Umeme ulisukuma upande huohuo. Kenya hutumia volti 240, lakini kwenye ncha za laini za pwani umeme hupanda na kushuka, hukatika mvua za masika zinapoangusha miti, na hurudi kwa kishindo. Wakati mwingine hukatika nchi nzima: tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru akazima Kenya yote, na tarehe 25 Agosti 2023 taifa lilikaa gizani kwa saa nyingi. Mwenye kompyuta mwenye hekima huweka kinga ya voltaji, ile ile inayowekwa kwenye friji, na akiweza huongeza UPS. UPS ndogo za dukani, zile za VA 650 hivi, hubeba takriban wati 360 kwa dakika chache. OptiPlex yenye kadi ya wati 75 pamoja na skrini yake hukaa ndani ya kiasi hicho kwa raha, na mchezaji hupata muda wa kuhifadhi mchezo na kuzima. Kompyuta yenye kadi ya wati 170 na chipu kubwa huishinda UPS hiyo mara tu mchezo unapochacha.

Bili nayo ina neno. Tofauti ya wati 95 kati ya GTX 1650 na RTX 3060, kwa mtu anayecheza saa nne kila siku, ni uniti 11.4 kwa mwezi. Uniti ikiwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 342 za tokeni. Kwa kaya ya Diani yenye kiyoyozi kiasi hicho hakihisiwi. Kwa chumba cha kupanga Mwabungo au Kombani kinahisiwa.

Kisha kuna hewa. Ukanda wa Diani una joto kwa mwaka mzima, unyevu mwingi, na chumvi inayopeperushwa na upepo wa kusi na kaskazi. Kadi ya michoro hupozwa kwa hewa ya chumbani, kwa hiyo chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 22, chipu huongezeka joto kwa kiasi kilekile, na ikifika mpaka wake hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kadi yenye wati chache hutoa joto dogo na feni yake haitimui sana. Hilo lina faida ya pili isiyoonekana: feni inayozunguka polepole huvuta vumbi na chumvi kidogo. Mafundi wa Ukunda huifahamu kadi iliyokaa karibu na ufuo kwa kutazama tu pini zake, zilivyopoteza mng'ao, na skrubu zilizoota kutu. Mijusi huingia kwenye saplai kutafuta joto usiku, na sisimizi na siafu hufuata. Kwa nyumba zilizo karibu na maji, kuifungua kompyuta na kuipuliza kila baada ya miezi michache, na kuifunika inapokuwa imezimwa na kupoa, kumeokoa kadi nyingi kuliko chapa yoyote.

Njia ya kuifikia kadi ilikuwa na historia yake pia. Hadi barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika katika miaka ya karibuni, bidhaa zote za Pwani ya Kusini zilipitia feri ya Likoni, au zilizunguka kwa barabara mbaya ya Mariakani na Kinango. Duka la kompyuta la Ukunda halikuweza kuweka akiba ya kadi za michoro. Lilikuwa na tona, kibodi, chaja na nyaya. Mnunuzi alipiga simu Mombasa au Nairobi, akatuma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, na mzigo ukapakiwa kwenye basi hadi Mombasa, kisha ukavushwa kwenda Ukunda. Kurudisha kadi mbovu kulikuwa safari ya pili, na dhamana nyingi za mitumba zilikuwa za siku saba hadi mwezi mmoja. Ununuzi wa namna hiyo, bila kukishika kitu mkononi, ulifungua mlango kwa matapeli.

Ulaghai uliozoeleka zaidi ni wa kubadilisha jina. Kadi kongwe kama GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya mwaka 2011 huandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Kompyuta huamini, mnunuzi huamini, mpaka gemu ifunguliwe. Programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua kadi hizo mwezi Oktoba 2018, na tangu hapo haikustahili mtu kulipa kabla ya kuiendesha, au kabla muuzaji hajatuma video ya kadi ikifanya kazi chini yake. Kundi la pili si la uongo kamili ila ni la nusu ukweli: RX 580 2048SP, iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018, ina viini 2048 badala ya 2304 vya RX 580 yenyewe. Kwa uwezo ni sawa na RX 570. Nyingi zilizoingia Afrika Mashariki kwa bei ya kuvutia zilikuwa hizo.

Kadi za jamii ya RX 580 zilileta hatari kubwa kuliko ulaghai. Hutumia wati 185 na hutaka plagi ya pini 8. Baadhi ya wenye OptiPlex walizilisha kwa vigeuzi vya bei ndogo vilivyochomekwa kwenye waya wa SATA, ambao ni wa kulisha diski. Waya huo umewekewa mpaka wa amperi 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Plagi huyeyuka, na saplai ya wati 240 hubebeshwa mzigo isioumudu. Hili halina pande mbili za kujadiliwa: ni kosa, na linaweza kuchoma nyumba.

Si kila aliyenunua kadi alinunua kwa ajili ya gemu pekee. Pwani ya Kusini ni nchi ya harusi, na harusi hupigwa video. Studio ndogo za Ukunda na Msambweni huhariri saa nyingi za picha baada ya kila msimu, na kadi za Nvidia tangu mwaka 2012 zina sehemu maalumu ya kubana video, inayofanya kwa dakika kazi ambayo chipu kuu hufanya kwa saa. Kijana aliyewaomba wazazi au mwajiri fedha za kadi alikuwa na hoja nzito akisema italipwa na harusi mbili. Jambo hili lilipunguza mvuto wa kadi ya AMD RX 6400 ya mwaka 2022. Ilikuwa na wati 53 na kimo kifupi, ikaonekana imetengenezwa kwa ajili ya OptiPlex, lakini iliondolewa sehemu ya kubana video. Isitoshe, huwasiliana na bodi mama kwa njia nne tu za PCI Express. Kwenye bodi mpya zenye toleo la 4.0 hilo halionekani. Kwenye bodi za zamani zenye toleo la 3.0, ambazo ndizo zilizojaa Kwale, hupoteza sehemu ya kasi yake.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 mpangilio wote ulivurugika. Uhaba wa chipu duniani na wimbi la kuchimba sarafu ya Ethereum kwa kadi za michoro vilipandisha bei kila mahali. RTX 3060, iliyotoka Februari 2021 kwa dola 329, iliuzwa kwa mara mbili ya bei hiyo katika masoko mengi. Kwale ilikuwa na msiba wake juu ya huo. Kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi kwa sababu ya korona. Kwale ilifunguliwa mwezi Juni, Mombasa mwezi Julai. Mahoteli ya Diani yalifungwa, na mshahara wa hoteli ndio unaozungusha fedha nyingi za Ukunda, kuanzia mpishi hadi mwendesha bodaboda. Vijana walikaa nyumbani na muda mwingi wa kucheza, bila fedha na bila kadi sokoni. Kadi zilizokuwa kwenye mashine zilipata thamani upya; 1050 Ti iliyotumika miaka minne iliweza kuuzwa kwa bei iliyonunuliwa nayo.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi. Kadi za migodini zikamwagika sokoni na bei zikashuka duniani, lakini Mkenya hakuufaidi unafuu huo wote, kwa sababu shilingi ilikuwa ikianguka. Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160. RTX 4060 iliyotoka Juni 2023 kwa dola 299 ingehitaji shilingi 47,840 kwa kiwango hicho. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 ni zaidi ya 55,000, kabla ya ada za bandarini, usafiri na faida ya muuzaji. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu na kutulia karibu na 129, na hesabu ileile ikashuka chini ya 45,000. Aliyesubiri miezi sita aliokoa shilingi 10,000 bila kufanya lolote, somo ambalo wafanyabiashara wa Mombasa walilijua zamani.

Wakati huohuo maana ya kati ilibadilika duniani. PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020 na gigabaiti 16 za kumbukumbu, iliinua kiwango ambacho watengenezaji wa gemu huandikia. Kadi za gigabaiti 4 ziligeuka kuwa mlango wa chini: FIFA 23 ilitaja GTX 1050 Ti kama kiwango chake cha mwisho cha kukubalika. Gigabaiti 8 zikawa za lazima, na kwa baadhi ya gemu hazitoshi. Intel ilirudi na Arc B580 mwezi Desemba 2024, gigabaiti 12 kwa dola 249, bei iliyoonekana kuwa neema. Kadi za Arc, hata hivyo, hutegemea huduma iitwayo Resizable BAR, ambayo kwa upande wa Intel hupatikana rasmi kuanzia chipu za kizazi cha 10. Kwenye OptiPlex ya mwaka 2013 kadi hiyo hupoteza uwezo wake mwingi. Kwa mara nyingine kadi iliyosifiwa ng'ambo haikuwa kadi ya Ukunda.

Mlango wa wati 75 haukufungwa. Mwezi Februari 2024 Nvidia ilitoa RTX 3050 ya gigabaiti 6 kwa dola 169, yenye wati 70, isiyotaka waya, na yenye matoleo ya kimo kifupi. Ina sehemu ya kubana video na ina kasi kuliko 1650. Kwa mwenye sanduku jembamba la ofisi, hiyo ndiyo kadi ya mwisho yenye maana kununuliwa, mradi chipu yake iwe Core i5 ya kizazi cha 4 au zaidi na kumbukumbu ya kompyuta isipungue gigabaiti 16. Mwenye kompyuta iliyojengwa kwa vipuri vya kawaida, yenye saplai ya kuaminika ya wati 500 au zaidi, ana uwanja mpana: RX 6600 iliyotumika, yenye wati 132, au RTX 3060 ya gigabaiti 12, na kwa anayenunua mpya, RX 9060 XT ya gigabaiti 16 iliyotoka Juni 2025 kwa dola 349. Kwa vyovyote vile, mnunuzi wa Kwale huanza kwa kufungua sanduku lake, kusoma wati zilizoandikwa ubavuni mwa saplai, kupima nafasi kwa rula na kuhesabu plagi. Jina la kadi hufuata baada ya hapo.

Zama za mashine zile zinaelekea ukingoni. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi chipu za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, yaani karibu OptiPlex zote zilizofungua soko la Pwani ya Kusini. Mwezi huohuo Nvidia ilisitisha kutoa draiva mpya za gemu kwa jamii za 750 Ti na 1050 Ti. Kadi hizo zitaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028.